Kokosinele Yenye Viti vya Abakosi

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani ni mtu wa kukaa. Katika miaka ya sabini nilikaa barazani karibu na soko la Bunia tangu asubuhi hadi jioni, nikikanyaga mashine na kushona abakosi, ule mkoti usiovaliwa na tai ambao siku zile kila mwenye cheo, na kila aliyetaka adhaniwe ana cheo, ilimbidi auvae. Nilishona za kahawia, za kijivu na za kijani. Nilikuwa na mkono mzuri na hasira za karibu. Mteja akilalamika kwamba mkono mmoja wa mkoti ni mfupi, nilimwambia akapime mikono yake mwenyewe.

Ndiyo maana soko zima lilicheka siku liliposikia kwamba nimepata gari.

Gari lenyewe liliachwa na mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyeondoka mwaka ule maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi. Aliyepewa duka lake alichukua mizani, vitambaa na kaunta, lakini nyuma ya duka, katikati ya majani, alikuta kokosinele, lile gari dogo lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma. Magurudumu yalikuwa hayana upepo, kutu ilikuwa imekula sakafu, na kuku walikuwa wakitaga ndani. Yeye hakuwa na haja na banda la kuku. Haja yake ilikuwa abakosi mbili za kusimamia nyuma ya kaunta mpya. Nikamshonea mbili, nikachukua gari, na kila mmoja wetu akarudi kwake akiamini kwamba amemzidi mwenzake akili.

Tulilisukuma watu wanane, Jumapili baada ya misa. Mke wangu alitungojea mlangoni, mikono kiunoni.

“Umeleta nini?”

“Gari.”

“Miye naona kuku.”

Na kweli, kwenye kiti cha nyuma alikuwepo kuku aliyelalia mayai. Tulikuwa tumemsukuma njia nzima na hakuinua hata bawa. Mke wangu alikataa katakata asiguswe mpaka aangue. Basi kazi yangu ya kufufua gari ilianza kwa wiki tatu za kumngojea kuku.

Watu waliniuliza gari la nini. Sikuwa na mahali pa kwenda. Baraza langu lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Lakini mtu aliyeshona abakosi arobaini zinazofanana anatamani kushika kitu ambacho hajui kitaishia wapi. Halafu gari halilalamiki. Nililipenda tangu siku ya kwanza, nasema wazi, na kila Jumapili nilipovua nguo za kanisani na kuvaa suruali yangu ya kazi, nilijisikia kijana.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama miaka mitatu. Sakafu iliyoliwa na kutu niliiziba kwa mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia, nikayakata kwa kipimo cha nguo, nikaacha upana wa kidole pembeni kwa ajili ya kukunja, kama upindo. Viti nilivishona upya kwa vipande vya abakosi vilivyobaki kwenye baraza, kahawia na kijivu na kijani, na kwa kuwa vingine vilikuwa tayari vimeshonewa mifuko, niliiacha. Kiti cha dereva na kiti cha nyuma vilikuwa na mfuko wa kifuani wenye mahali pa kuweka kalamu. Aliyechungulia dirishani aliona kama mkutano wa wakubwa ambao vichwa vyao vimekwenda kula.

Mwalimu wangu alikuwa dereva wa lori, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa akisafiri kati ya Bunia na Aru. Kutoka kule mpakani aliniletea plagi, mipira ya breki, hata kioo cha taa kilichofungwa ndani ya gunia la dagaa. Alikuwa akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai yetu na kunitazama nikikosea. Hakunizuia. Aliamini kwamba mtu akizuiwa kukosea atakosea kesho, wewe usipokuwepo.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kishonaji. Kabureta ina tundu dogo mno ambalo petroli hupitia, na tundu hilo lilikuwa limeziba. Mimi nina sindano za kila namna. Nikachukua sindano nyembamba ya cherehani, nikachokoa tundu lile kwa uangalifu wote, nikaona mwanga upande wa pili, nikafurahi. Injini ikawaka kwa mara ya kwanza, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikanywa chupa nzima ya petroli kabla sijamaliza kuwaita majirani, ikazima.

Dereva aliomba aione ile sindano. Akaitazama, akanitazama.

“Hii tundu wameipima ku kiwanda,” alisema. “Weye umeipanua. Sasa motere inakunywa sawa mulevi. Utachokoa na unywele ya ufagio, hapana na chuma.”

“Mbona haukuniambia?”

“Haukuniuliza. Ulikuwa unafurahi sana.”

Nilimkasirikia hadi Jumapili iliyofuata, alipokuja na kabureta nyingine mfukoni.

Sasa, injini ya kokosinele iko nyuma na pedali ziko mbele, na mikono yangu haikuwa mirefu kiasi hicho. Ilihitajika mtu wa kukaa kwenye usukani. Watoto miguu yao haikufika. Basi alikaa mke wangu. Alikuja na ungo wake wa maharage, akauweka mapajani, akawa anachambua mawe huku mguu wake ukinisubiri. Mimi nilikuwa kule nyuma, kichwa ndani ya injini, napiga kelele: kanyaga, achia, ongeza, punguza. Kazi ya kutoa hewa kwenye breki ilikuwa mbaya zaidi. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine amelala chini kwenye gurudumu anafungua skrubu ndogo, dawa ya breki inaruka na mapovu yake, anafunga, ndipo yule wa juu anaachia. Gurudumu moja, mara thelathini. Tulifanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, mpaka majirani wakawa wanasalimiana kwa sauti yangu: “Kanyaga! Shika! Achia!”

Yeye hakulalamika. Nilidhani ni mapenzi, na kidogo yalikuwa mapenzi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonitatiza. Mara kwa mara nilirudi kutoka barazani nikakuta gari limesogea. Nililiacha karibu na mti wa avoka, nalikuta karibu na jiko. Majani yamelala, alama za magurudumu zinakwenda na kurudi.

“Batoto wamesukuma,” mke wangu alisema.

Niliwafokea watoto. Wakamtazama mama yao, wakainamisha vichwa. Nikafurahi kuona kwamba bado wananiogopa.

Hapo lazima nimtaje mama mkwe wangu, kwa sababu safari yote ilikuwa yake.

Aliishi Marabo, kwao na mke wangu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari mvua ikiwa imetuhurumia. Kwao kuna adabu ambayo mimi, niliyekuja Bunia kutoka Butembo, ilinichukua muda kuizoea. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai mahali pamoja pasipo ukuta kati yao. Wakikutana njiani, mwanamume hutoka barabarani na kutoa mgongo mpaka mama apite. Si chuki. Ni heshima kubwa kupita zote walizo nazo. Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nikiongea na mama yule, mimi nikiwa nje kwenye kigoda na yeye ndani ya jiko, ukuta wa udongo katikati yetu. Tulipatana vizuri kuliko watu wengi wanaotazamana. Aliniita bokilo, yaani mkwe, kwa sauti nene yenye kicheko ndani yake, na sura yake sikuijua.

Magoti yake yalikuwa yamekataa malori. Mara ya mwisho alipokuja Bunia, wanaume wawili walimpandisha juu ya magunia kama gunia lingine, na aliposhuka aliapa kwamba hatapandishwa tena na mikono ya mtu mpaka siku ya jeneza. Tangu hapo tulipata watoto wawili ambao hakuwahi kuwaona wakiwa nyumbani kwao. Wa mwisho, msichana, tulimpa jina lake. Ubatizo wa huyo mtoto ulipangwa Jumapili ya Pentekoste, na mke wangu alitaka kitu kimoja tu: mama yake awepo, amshike mtoto mwenye jina lake. Hakuliomba kwa maneno mengi. Alilisema mara moja, akiwa kwenye usukani, ungo mapajani, na mimi chini ya gurudumu.

“Gari itamuleta,” nilisema kutoka kule chini. “Mama yako hatapanda lori tena. Atakaa ku kiti, sawa ministre.”

Nikajisifu soko zima. Nikamwambia kila mteja niliyempima mabega. Nikapaka gari rangi ya bluu niliyoipata kwa fundi wa milango. Likawaka, likatembea, likasimama lilipoambiwa lisimame. Wiki ile ya Pentekoste rafiki yangu dereva alikuwa Aru, lakini sikuwa na haja naye tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunza kuendesha barabara ya uwanja wa ndege, jioni tatu, sikuua hata mbuzi.

Jumamosi asubuhi tuliondoka mke wangu na mimi, na mtoto mgongoni kwake. Tulivuka daraja la Shari. Watu walipunga mikono na mimi nikapunga kama mtu aliyezaliwa akipunga. Milima ilikuwa ya kijani, barabara nyekundu imekauka juu, na viti vya abakosi vilinukia sabuni.  Mke wangu alikuwa akitazama mikono yangu kwenye gia.

Marabo walitusikia kabla hawajatuona. Nilisimamisha gari mbele ya ua, nikashuka, nikaenda kwenye kigoda changu nyuma ya jiko, nikatoa salamu kupitia ukuta. Mama mkwe alijibu kwa furaha. Alisema yuko tayari, amevaa vikwembe, vile vitenge vyake vya sherehe, na kuku wa zawadi amefungwa miguu. Nikasikia akitoka nje kupitia mlango wa mbele, polepole, na fimbo yake. Nikasikia akilizunguka gari. Akaligonga bati kwa fimbo. 

“Mutoto yangu,” alimwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia na mimi, “hii nyumba iko na milango mbili tu na chumba moja. Bokilo yangu atakaa wapi?”

“Mbele, Mama,” nikajibu mwenyewe kutoka nyuma ya jiko. “Mimi ndiye naendesha.”

“Na miye?”

Hapo ndipo nilipofahamu.

Miaka mitatu nilipima kila kitu ndani ya gari lile, na kipimo hicho sikukichukua. Kutoka kiti cha dereva hadi kiti cha nyuma ni mkono mmoja. Nilikuwa nimetengeneza, kwa bidii na kwa upendo, chombo pekee katika Ituri yote ambacho mama mkwe wangu asingeweza kukipanda nikiwemo. Ule ukuta niliuzoea hata nikausahau, kama mtu anavyosahau mgongo wake. Masikio yangu yaliwaka moto.

Fundi hakosi jambo. Nikasema kwa sauti kwamba nitashona pazia, sasa hivi, kikwembe kimoja kutoka dari hadi sakafuni, katikati ya viti. Nina uzi, nina sindano. Nikamsikia mama akilifikiria kwa haki.

“Na ile kioo?” akauliza.

“Kioo gani?”

“Ile kadogo ya mbele, inayoangaliaka nyuma. Pazia ni nguo, bokilo. Nguo inapepea. Gari ikiruka, weye utaniona, na miye nitakufa na haya mbele ya kufika ku kanisa. Nendeni tu. Mubatize mutoto. Mutaniletea picha.”

Alisema hivyo bila hasira, na ndivyo ilivyoniuma. Nikamsikia akianza kurudi ndani, fimbo na mguu, fimbo na mguu. Nilitaka kulipiga teke lile gari.

Mke wangu akaja nyuma ya jiko. Alikuwa amemfunga mtoto upya, kwa nguvu, kama mtu anayekwenda shamba. Akanyoosha mkono.

“Leta ufunguo.”

“Ya nini?”

“Ya kuendesha.”

“Weye unajua kuendesha?”

“Miaka tatu nani alikuwa anakanyaga?” alisema. “Weye ukienda ku soko, miye naenda mpaka ku jiko, narudi mpaka ku avoka. Nenda, rudi. Kila siku. Kisha dereva wa Aru akanipeleka na lori yake barabara ya uwanja wa ndege, mara kumi.”

Mara kumi. Mimi nilikwenda mara tatu.

“Ulijua,” nikamwambia. “Tangu mwanzo ulijua kama mama hawezi kupanda na miye. Mbona haukusema?”

“Ningesema, ungeacha gari. Ungesema haina kazi tena. Weye ulitengeneza gari. Miye nilitengeneza shofere.”

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo nilijiona kipara. Nilikasirika, sitadanganya. Nilifikiria vidole vyangu vilivyochubuka, Jumapili zangu mvunguni, na safari ya kwanza ya gari langu ambayo sasa ingefanyika bila mimi. Ufunguo ulikuwa mkononi na nikaukunja ngumi. Halafu nikasikia fimbo ya mama imesimama upande wa pili wa ukuta. Hakuingia ndani. Alikuwa ameegama pale, anasikiliza, ameshika pumzi. Nikaweka ufunguo katika kiganja cha mke wangu.

Shemeji yangu aliniazima baiskeli. Ilikubaliwa nitangulie, ili nisionekane wakati mama anapanda. Nikakanyaga. Miguu ya cherehani inajua kukanyaga, ila haijui mlima, na barabara ya Bunia ilipoanza kupanda nilishuka, nikawa nasukuma baiskeli na kutoa jasho kwenye shati langu la sherehe. Ndipo nikalisikia linakuja.

Nikafanya kama inavyotakiwa. Nikatoka barabarani, nikaingia kwenye majani, nikatoa mgongo, nikainamisha kichwa. Nikasikiliza.

Sikuwahi kulisikia gari langu likipita. Siku zote nilikuwa ndani yake, au kichwa changu kilikuwa ndani ya injini. Kutoka nje lilikuwa na sauti ya cherehani nzuri inayoshona kitambaa kizito, moja kwa moja, bila kuruka mshono. Vali moja ilikuwa ikigonga kidogo, nikajiambia nitairekebisha Jumatatu. Likanipita, vumbi likanifunika, na mimi niko pale natazama majani na machozi yananitoka, kwa sababu kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya kilikuwa kinapita nyuma yangu na mimi siruhusiwi kukiona.

Mbele kidogo likapunguza mwendo, likasimama, palepale kwenye mwinuko. Nikaogopa: kusimama pale na kuondoka tena bila kurudi nyuma ni kazi ambayo mimi mwenyewe sikuiweza. Nikasikia sauti ya mke wangu.

“Geuka!”

Sikugeuka.

“Geuka, mama amesema! Amejifunika. Anasema mutu asikoseshwe kuona kazi ya mikono yake.”

Nikageuka.

Gari lilikuwa bluu kuliko nilivyolikumbuka. Mke wangu alikuwa amekaa wima kwenye usukani, mtoto mgongoni. Na pale nyuma, juu ya viti vya wakubwa, alikuwepo mtu aliyejifunika kikwembe kizima, kichwa na mabega na yote, hajulikani mbele wala nyuma, kuku mapajani. Mkono mmoja tu ulikuwa nje ya kikwembe. Ulikuwa unapapasa kiti polepole, unafuata mshono kwa kidole, mpaka ukafika kwenye mfuko wa kifua, ukaingia ndani yake na kutulia.

Mke wangu akakanyaga, akashika, akaachia. Gari halikurudi nyuma hata shubiri moja. Likapanda mlima, likakata kona, nami nikapandisha baiskeli barabarani na kulifuata, maana kesho yake kulikuwa na ubatizo na mimi nilikuwa bado mbali na Bunia.